Mlango wa Mshazari

Munyao aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, baba wa watoto wawili. Hata hivyo mtaa wa Majengo, Thika, ulikuwa umemwita Baharia miaka mingi kabla ya hapo, na si kwa kumsifu. Jina hilo alipewa na Gichuru, seremala mwenzake, ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko patasi zake. Jina la Gichuru likishakukalia hulitoi hata kwa msasa.

Kwao Munyao ni ng'ambo ya mto Athi, upande wa Matungulu. Alikuja Thika akiwa kijana, kama vijana wengi wa Ukambani, kutafuta kazi. Wenzake waliingia mashamba ya mkonge. Yeye mkonge ulimchoma siku moja tu, akasema wenye ngozi ngumu na waendelee, akaenda kusimama mbele ya karakana ya Mistri Gurdit, Kalasinga mmoja mnene aliyekuwa akitengeneza milango, madirisha na majeneza nyuma ya stesheni ya reli. Mistri alimpa randa na ubao, akamwambia aulainishe. Aliporudishiwa ubao ule aliupitisha shavuni, akanyoosha kidole kwenye meza ya kazi iliyokuwa tupu. Munyao akawa ameajiriwa.

Kazi ya meli ilikuja mwaka wa 1951. Huko Uingereza matajiri fulani walikuwa wameungana kuunda meli ya abiria, na kwa maneno ya Mistri, hiyo ingekuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuizunguka Afrika. Ingekuwa na ukumbi wa dansi, kinyozi, kanisa, na bwawa la kuogelea.

"Maji juu ya maji," Gichuru alisema. "Wazungu hawatosheki."

Jina la meli hiyo lilikuwa refu, tena la Kiingereza kigumu, na lilibadilishwa kabla hata chuma cha kwanza hakijalazwa, kwa hiyo pale karakanani waliiita Meli tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Matajiri walitaka kila nchi ambayo Meli ingepita itoe kitu chake. Kenya ikapewa milango ya vyumba vya daraja la kwanza, yote ya mti wa mvule. Mmoja wa matajiri hao alikuwa na shamba la kahawa huko Ruiru, na Mistri aliwahi kumtengenezea kabati ambalo halikulia hata siku moja. Ndiyo sababu kazi ikaangukia nyuma ya stesheni ya Thika.

Ramani zilipofika, Mistri alizitandika mezani, akaeleza mbao, bawaba na kitasa, kisha akaenda Nairobi kwenye harusi ya mpwa wake. Munyao na Gichuru wakabaki wanazitazama. Kila mlango ulikuwa na namba yake, na kila mlango ulikuwa na kasoro ileile: chini umekatwa mshazari, upande mmoja mrefu kuliko wa pili.

"Huyu mzee wa Uingereza alichora kama amechoka," Gichuru alisema.

"Au macho yamepungua," Munyao akasema.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni, yaani heshima yenye haya ndani yake. Mkubwa wako akikosea, humwambii. Unamrekebishia kimya kimya, naye akiona ataelewa, na hakuna atakayeaibika. Munyao alilelewa hivyo, na aliona itakuwa aibu kubwa mzee wa watu kule Uingereza aandikiwe kwamba hajui hata mlango una kona nne za mraba. Gichuru hakuwa Mkamba, lakini alikubaliana naye upesi, kwa kuwa kukata mraba ni rahisi kuliko kukata mshazari. Basi wakakata milango ya kwanza yote ikakaa sawasawa, chini na juu, wakaipanga ukutani, wakaridhika.

Aliyewafumbua macho ni Abdulkarim, fundi wa kupaka vanishi. Abdulkarim alikuwa Mwislamu wa Majengo, baba yake mtu wa Tabora, mama yake Mkamba, na katika ujana wake alikuwa ameosha sahani miaka kadhaa ndani ya meli ya mizigo. Aliingia na mkebe wake, akaitazama ile milango, akauliza ni ya nani.

"Ya Meli," Munyao alisema.

"Sasa mbona chini mmekata hivi?"

"Mzungu alikosea. Tumemsaidia."

Abdulkarim alicheka mpaka ikabidi aweke mkebe chini. Halafu akachukua ganda la papai lililokuwa juu ya meza, papai la chakula chao cha mchana, akaliweka mbele yao. "Meli imekaa namna hii," alisema. "Mbele imeinuka, nyuma imeinuka, katikati imelala. Sakafu yake si kama ya nyumba. Mlango wa mbele hauwezi kuwa sawa na wa katikati. Nyinyi mkitundika hii yenu, panya atapita chini na mkoba wake."

Mistri aliporudi hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Munyao. Laiti angetukanwa, angelala. Mistri aliiuza milango ile kwa mwenye maghala ya kahawa, akaagiza mbao nyingine, kisha akamwita Munyao peke yake.

"Wewe najua kosa vizuri sana," alimwambia. "Sasa wewe takata chini ya mlango. Yote. Mtu ingine hapana."

Tangu siku hiyo Munyao akawa mtu wa mshazari. Wenzake waliunga fremu, wakachonga paneli, wakapiga gundi. Mlango ukikaribia kwisha uliletwa kwake, naye akaukata chini kwa kipimo cha namba yake. Kila mmoja ulikuwa na pembe tofauti. Na kwa kuwa aliifuata namba baada ya namba, akaanza kuijua Meli kama mtu ajuavyo kijia cha kwao gizani. Alijua mahali sakafu ilipolala, na mahali ilipoanza kupanda kidogo kidogo kuelekea mbele. Mlango namba thelathini na moja ndio uliokuwa pale kupanda kunapoanza, na mshazari wake ulikuwa mwembamba sana, usingeuona kwa jicho la haraka. Aliupenda huo kuliko yote. Mtu akipenda kitu hahitaji sababu, na yeye hakutoa.

Kisha Mistri akatoa ahadi. Waundaji walitaka mtu mmoja asafiri na milango, akaitundike huko huko, maana kila mmoja ulikuwa na mahali pake. Mistri akamchagua Munyao. Munyao akanunua koti zito la sufu kutoka kwa askari mmoja aliyekuwa amerudi kutoka vitani Burma, akawa analivaa Jumapili katika jua la Thika huku jasho likimtiririka. Hapo ndipo Gichuru alipomwita Baharia.

Sasa, Munyao alikuwa na mchumba. Aliitwa Syombua, na aliishi Ruiru na mama yake mjane, Ngina, katika kambi ya wachuma kahawa. Mbuzi wa kwanza wa mahari walikuwa wameshapelekwa, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa mke ni wako. Kilichobaki ni kumleta nyumbani. Nyumba nayo ilikuwapo. Munyao aliijenga Majengo, karibu na kwa Abdulkarim, ya udongo na mabati, na fremu ya mlango iliyonyooka kama sala. Kilichokosekana ni mlango wenyewe. Penye mlango alitundika gunia.

"Nikirudi kutoka Uingereza nitatengeneza wa maana," alimwambia Syombua. "Kwa sasa sina mikono ya mlango mwingine."

Syombua alikuwa mtu wa maneno machache. Alimjibu kwamba kwao mwanamke huingia katika nyumba mpya na mafiga yake matatu, na mafiga hayapiti penye gunia. Munyao akasema anajua, si kitambo kirefu, angoje. Naye akangoja. Wanasema subira huvuta heri, lakini wanaosema hivyo mara nyingi si wao wanaongoja.

Ikaja Hali ya Hatari, wakati wa vita vya msituni. Barabara ya Thika ikajaa vizuizi, kukawa na kafiu ya kutotoka nje usiku, na Wakikuyu wakawa hawatembei bila vitabu vya ruhusa. Munyao alikuwa akienda Ruiru kwa baiskeli siku za Jumapili, na mara nyingine alirudishwa njiani kabla ya kufika. Mwaka wa 1954, katika ile misako mikubwa, Gichuru aliteremshwa kwenye basi pale Ruiru pamoja na wanaume wengine wa Kikuyu, akapakiwa lori, akapelekwa kizuizini. Randa yake ilibaki mezani na nyuzi za mbao bado zimekwama mdomoni mwake. Mistri hakumruhusu mtu kuigusa.

Ilikuwa katika majuma hayo hayo Munyao alipotumwa stesheni na mkokoteni kuchukua mizigo. Kreti za kwanza za milango zilikuwa zimeshakwenda Mombasa miezi mingi nyuma, na yeye alikuwa akingojea kusafiri na za pili. Alipofika alikuta kreti zimepangwa kwenye jukwaa, na kwenye kona ya kila kreti kulikuwa na alama ya jicho. Alama hiyo aliichora yeye kwenye kila kreti iliyokwenda Mombasa. Kwanza alifikiri kuna seremala mwingine mahali fulani anayechora jicho kama lake. Akaweka kiganja juu ya ubao, akaunusa. Ilikuwa vanishi ya Abdulkarim.

Milango ilikuwa imefika bandarini Kilindini, ikakaa ghalani, hakuna meli iliyokuja kuichukua, na reli ikairudisha ilikotoka.

Mistri alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Meli hapana maliza," alisema. "Tajiri sasa nataka panda ndege. Nani takaa juu ya maji majuma tatu? Pesa nakwisha, kampuni nagombana. Kazi nasimama, Munyao."

Na ukweli ni kwamba Meli ilikuwa imefika mbavu tu. Mbavu za chuma zilisimama kule Uingereza zikinyeshewa mvua, ndani yake hakuna dansi wala kinyozi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hawakutuambia tufanyeje na vile vilivyoundwa visielee.

Lakini Munyao katika maneno yote ya Mistri alishika moja tu, kwamba kazi imesimama. Kilichosimama huweza kwenda tena. Basi huharibika likatengenezwa. Hata vita vikubwa vya Wazungu vilisimama mara moja vikaanza upya.

Mistri hakuwa na nafasi ya kungoja namna hiyo. Kila fundi alimpa mlango mmoja kama zawadi, akaweka mmoja kando kwa ajili ya Gichuru, na iliyobaki akaiuza. Ndiyo maana hata leo ukizunguka Thika na Ruiru ya zamani unaweza kukutana na bucha, kanisa dogo au stoo ya mbolea yenye mlango wa mvule wa kifahari, na namba ya shaba juu yake isiyoeleweka na mtu. Wanunuzi wote walifanya jambo moja: waliukata ule mshazari. Wangefanya nini? Sakafu zao zilikuwa zimelala.

Munyao aliteseka. Alikuwa akipata habari kwamba fulani amenunua, anapanda baiskeli kwenda kumsihi asikate. Mburu, mwenye bucha ya Ruiru, alimsikiliza hadi mwisho huku akinoa kisu.

"Kwa hivyo unataka niinue sakafu ya duka," Mburu alisema.

"Upande mmoja tu, mzee. Kidogo."

"Nyama ikianguka ibingirike mpaka nje, mbwa wafurahi. Wewe kijana, enda nyumbani."

Yeye mwenyewe alichukua namba thelathini na moja. Aliuegemeza ukutani ndani ya nyumba yake, akauvika blanketi ili vanishi isipate vumbi. Blanketi alikuwa nalo moja tu, kwa hiyo yeye alilala chini ya koti la Uingereza. Na penye mlango gunia likaendelea kupepea. Alisema Meli ikianza tena wataitisha milango yote, nao wakikuta huo umekatwa atasemaje? Alikuwa ameshakata milango ya Meli vibaya mara moja, hangerudia. Abdulkarim alijaribu kumweleza, akachoka. Miaka miwili ikapita hivyo. Ukiniuliza mimi, ule haukuwa uvumilivu. Ilikuwa ni aibu imejificha. Siku akikata mlango ule, Thika nzima ingejua kwamba Baharia haendi popote, na yeye mwenyewe angejua.

Mwaka wa 1956 Gichuru akaachiliwa. Alirudi amekonda, meno mawili hayapo, na utani wake umepungua lakini haujaisha. Siku ya kwanza alifika karakanani, Mistri akamwonyesha mlango wake. Gichuru aliuzunguka mara moja, akaulaza, akachukua msumeno wake, akaanza kuukata chini hata kabla ya kunywa chai.

"Pole pole," Munyao alisema. "Si ungengoja?"

Gichuru hakusimamisha mkono. "Mimi nimefungiwa mlango na watu wengine miaka miwili, usiku na asubuhi," alisema. "Wakitaka wanafunga, wakitaka wanafungua. Sasa nataka mmoja wa kufunga mimi mwenyewe. Ati ningoje nini, Baharia?"

Munyao aliweka randa chini. Alienda nje akakaa juu ya magogo, na siku hiyo hakufanya kazi ya maana.

Haikupita muda Ngina akaja kutoka Ruiru. Hapa inabidi nieleze kwamba ile nthoni ambayo ilimharibia Munyao milango ya kwanza ndiyo hiyo hiyo inayomzuia Mkamba kukutana uso kwa uso na mama mkwe. Mkikutana njiani mmoja hupinda porini. Ngina alikuwa mwanamke wa kushika mila, na alikuwa na jambo la kusema, na mambo hayo mawili aliyapatanisha kwa namna yake. Alifika Majengo Munyao akiwa ndani anakula. Hakuita. Aliipa nyumba mgongo, akajifunika leso kichwani, akazungumza na nyumba.

"Nyumba, hujambo?"

Abdulkarim, aliyekuwa kibarazani kwake, akaona ni utovu wa adabu nyumba kukaa kimya. "Haijambo, mama," akasema.

"Nyumba, mwenyewe akija mwambie hivi. Mbuzi wake wako kwangu, wamezaa, na watoto wao wamezaa. Binti yangu hajazaa, kwa sababu yuko kwangu akingoja mlango. Mimi sijui meli. Najua kwamba mahali pasipofungwa ni zizi, na binti yangu si mbuzi. Mvua ndefu ikianza na gunia liko hapo, mbuzi wanarudi, na wajukuu zao wote. Nyumba, umesikia?"

"Imesikia," Abdulkarim alisema.

Ngina akaenda zake kituoni bila kugeuka. Nyuma ya gunia Munyao alikuwa ameshika tonge mkononi. Mbuzi kurudishwa maana yake ni kwamba ndoa imevunjwa, na inavunjwa mbele ya watu wote. Alimpenda Syombua. Hilo hakuwahi kulificha, na hata mimi simnyimi. Alikaa akautazama mlango ndani ya blanketi lake mpaka chakula kikapoa. Kesho yake alitoa msumeno, akautia makali, akaurudisha mahali pake.

Mwisho wa Machi wingu la kwanza likajikusanya upande wa mlima Ol Donyo Sabuk. Mbuzi hawakuja. Akaja Syombua mwenyewe, Jumamosi, kwa basi la asubuhi, amebeba kiondo kizito kwa ukanda kipajini. Ndani yake mlikuwa na mawe matatu. Alikuwa ameyachagua mtoni Ruiru, na kondakta alimtoza nauli ya mzigo.

Munyao aliporudi kutoka kazini alimkuta ameyapanga mafiga nje, hatua chache kutoka kwenye gunia, moto unawaka, na isyo ya mahindi na maharagwe inatokota. Watoto wa Majengo walikuwa wameshakaa kutazama.

"Syombua, ni nini hii?"

"Chakula."

"Mbona nje?"

"Mimi nimekuja kwangu," alisema. "Nyumba ndiyo haijafika."

Walikula nje, mbele ya watu. Usiku Syombua alilala kwa Zainab, mke wa Abdulkarim, na asubuhi akarudi kwenye mafiga yake akachochea. Hakusema lolote juu ya mlango, hakulaumu, hakulia. Wanawake waliokwenda kisimani walimsalimu kama mwenye nyumba, naye akaitikia kama mwenye nyumba. Munyao aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Jumapili alasiri mvua ikaja. Haikuanza na matone ya kubembeleza. Ilimwagika, na mabati yote ya Majengo yakapiga kelele pamoja. Watu wakakimbilia ndani. Syombua alifunika chungu kwa ungo, akauinamia moto kwa mgongo wake, akabaki hapo hapo.

Munyao akainua gunia. "Ingia," alisema. Ilibidi apaze sauti.

"Wapi?"

"Ndani!"

"Sioni ndani," Syombua alisema. "Naona gunia."

Zainab alimwita kutoka kibarazani, akakataa. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni, na Munyao aliona mabega yake yanatetemeka. Alitafuta cha kumfunika. Koti alikuwa amelisahau karakanani jana yake. Blanketi lilikuwa moja, na lilikuwa limevaliwa na mlango.

Alisimama kidogo. Kisha akalivuta.

Alitoka nalo mvuani, akamfunika Syombua kichwa na mabega, akarudi ndani ameloa. Na hapo akauona mlango uchi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ulikuwa mzuri. Mvule ulikuwa umeiva rangi, vanishi ya Abdulkarim bado inang'aa, namba ya shaba mahali pake. Ulikuwa mlango mzuri, umesimama ndani ya nyumba umeegemea ukuta, mkavu, na mke wake yuko nje analoa. Munyao akajisikia mjinga.

Akaulaza sakafuni. Akapima kizingiti, akapiga mstari kwa penseli, akapiga goti juu ya ubao.

Nje Syombua alisikia msumeno. Katika kelele ile ya mabati ni mtu aliyekuwa akiungojea tu angeweza kuusikia. Hakugeuka. Aliepua chungu, akautawanya moto, akaanza kuyaviringisha mafiga moja moja kwenye maji yaliyokuwa yanapita, yapoe.

Kilichoanguka chini ni kabari ndefu ya mvule, upande mmoja nyembamba kama ukucha, upande wa pili unene wa kidole kimoja. Hiyo tu. Kwa hiyo tu miaka miwili. Munyao aliiweka kando, akatundika mlango kwenye bawaba, akaujaribu. Ulifunga bila kulia. Akabaki ndani, mlango umefungwa, mkono wake juu ya kitasa.

"Hodi," Syombua alisema nje.

Majirani wote walikuwa vibarazani mwao, wamesahau mvua.

"Hodi hapa."

"Karibu," Munyao alisema.

"Basi fungua. Mikono imejaa mawe."

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Baharia, hata Gichuru, ambaye alikuja kesho yake kuufunga na kuufungua mlango ule mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ile kabari Syombua aliigeuza kuwa kigingi cha kuzuia mlango mchana usipigwe na upepo. Ngina alileta mbuzi mmoja wa kuchinjwa, akawasalimu kwa kuipa nyumba mgongo.

Bahari waliiona mwaka wa 1959. Binti ya Abdulkarim, Fatu, alikuwa anaolewa Mombasa, na nusu ya mtaa wao ilipanda gari moshi. Watoto walibaki Ruiru kwa bibi yao. Baada ya karamu Munyao akasema anataka kufika Kilindini, na Syombua, ingawa alihofia Meli ingemrudia moyoni, akafuatana naye. Walisimama kwenye ua wa waya. Mbele yao kulikuwa na meli ya abiria, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, na Wazungu wakipanda ngazi wakiwa na watoto na mabegi. Munyao aliitazama kuanzia mbele inapoinuka, katikati inapolala, hadi nyuma inapoinuka tena. Aliitazama muda mrefu sana. Syombua alikuwa ametayarisha maneno ya kumpoza, akawa anayashika mdomoni.

"Mlango," Munyao alisema hatimaye.

"Haionekani milango kutoka hapa."

"Siyo hiyo. Wetu. Ulifunga?"

Syombua alifungua fundo la leso, akamwonyesha ufunguo, na kile kibati cha shaba cha mlangoni, chenye namba thelathini na moja, kimefungwa nao.

"Nilifunga," alisema.

"Basi twende nyumbani," Munyao akasema, naye akatangulia kuuacha ua wa waya.